Mmoja anasema twende, mwingine anasema tusubiri

"Ninasimamia mradi wa kuhamisha kumbukumbu za wateja kutoka mfumo wa zamani kwenda mfumo mpya. Timu ina watu saba, na wawili kati yao wananitoa jasho. Wa kwanza ndiye mwenye dhamana ya data. Kila wiki anakuja na orodha mpya ya mambo yanayoweza kuharibika, na sasa anataka tuongeze wiki nne za majaribio. Wa pili ndiye anayeongea na wateja. Yeye anasema wateja wamechoka kuahidiwa, na tukisubiri kila kitu kiwe salama hatutauwasha mfumo huu maisha. Kikao kilichopita kiliishia kwa mmoja kuitwa mwoga na mwingine kuitwa mzembe. Waliobaki waliinamia simu zao. Nikaamua kukata katikati, tukaahirisha kwa wiki mbili. Wote wawili wamenuna. Kuna anayenishauri nimwondoe huyo mwoga, na kuna anayesema niwape wote jaribio la haiba nijue nani ni nani. Nifanye nini ili timu yangu iwe na mtazamo mmoja kuhusu hatari?"

Nianzie mwisho wa swali lako, maana ndipo ninapotofautiana nawe. Timu yenye mtazamo mmoja kuhusu hatari sikutakii. Wote saba wangekuwa kama mtu wako wa wateja, mfumo ungekuwa umeshawashwa na pengine kumbukumbu za watu zimeshavurugika. Wangekuwa wote kama mtu wako wa data, mngekuwa bado mnajaribu hadi leo. Unachohitaji ni uamuzi mmoja ambao watu wenye mitazamo tofauti wanaweza kuutekeleza bila kuvutana mashati, na huo unapatikana. Lakini naelewa kwamba kinachokunyima usingizi sasa hivi ni kile kikao, na hofu kwamba timu itavunjika kabla mfumo haujawaka. Basi tuanze na maneno yale mawili yaliyotupwa mezani.

Mwoga na mzembe ni maneno yanayochukulia kwamba kila mtu amezaliwa na kiasi chake cha ujasiri, anatembea nacho kila mahali kama urefu wake. Hali haiko hivyo. Mwaka 2002 mwanasaikolojia Elke Weber na wenzake walichapisha utafiti uliopima mwelekeo wa watu katika nyanja mbalimbali: fedha, afya na usalama, burudani, maadili na mahusiano ya kijamii. Mtu yule yule alionekana mthubutu kwenye jambo moja na mwangalifu kwenye jingine. Nina hakika ukimchunguza mtu wako wa data nje ya kazi utamkuta na jambo ambalo yeye analifanya bila wasiwasi na wewe huwezi kulisogelea. Ndiyo maana jaribio la haiba silipendekezi. Litakupa jibu la swali ambalo hukuuliza, na baya zaidi litawapa watu vibandiko vya kubandikana usoni kwenye kikao kijacho.

Mtazamo wa mtu kuhusu hatari hubadilika kulingana na anachohisi kipo mikononi mwake na anachohisi kinamponyoka. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika mwaka 1979 kwamba hasara humuuma mtu kuliko faida ya kiasi kile kile inavyomfurahisha. Makadirio yao ya mwaka 1992 yaliuweka uchungu huo kwenye mara mbili na kidogo. Katika kazi yao ya mwaka 1981 waliwapa watu kisa cha ugonjwa unaotarajiwa kuua watu 600. Kundi moja liliambiwa lichague kati ya mpango utakaookoa watu 200 kwa hakika, na mpango wenye theluthi moja ya uwezekano wa kuokoa wote na theluthi mbili za kutookoa hata mmoja. Asilimia 72 walichagua uhakika. Kundi la pili lilipewa mipango ile ile, ila imeelezwa kwa vifo: wa kwanza, watu 400 watakufa; wa pili, theluthi moja ya uwezekano kwamba hatakufa yeyote na theluthi mbili kwamba watakufa wote 600. Safari hii asilimia 78 walichagua bahati nasibu. Hesabu haikubadilika hata chembe. Lililobadilika ni neno, kuokoa likawa kufa.

Sasa wasikilize watu wako wawili kwa sikio hilo. Mtu wa data anasema: tukiwasha sasa tutapoteza kumbukumbu. Kwake, kumbukumbu ni mali iliyopo, iko salama kwenye mfumo wa zamani, na anayependekeza kuigusa ndiye anayeleta hatari. Mtu wa wateja anasema: tukichelewa tutapoteza wateja. Kwake, hasara imeshaanza, inavuja kila siku, na mtu aliyeko ndani ya hasara huwa tayari kucheza kamari ili atoke. Wote wawili wanakimbia hasara, ila hasara zenyewe ni mbili, na kila mmoja akimtazama mwenzake anamwona kama mtu anayekimbilia motoni. Mmoja ana "haraka haraka haina baraka," mwingine ana "ngoja ngoja huumiza matumbo," na methali zote mbili ni za kweli, ndiyo maana hakuna anayeshinda.

Ongeza na hili: mfumo ukianguka, nani atapigiwa simu saa nane usiku? Na tarehe ikiahirishwa tena, nani atakayekaa mbele ya wateja akitukanwa? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mara nyingi tofauti tunayoiita ya tabia ni tofauti ya kitanda.

Miaka ya nyuma niliongoza mradi unaofanana na wako, na nilikuwa na mtu aliyepinga kila tarehe. Nilimchukia kimyakimya kwa miezi miwili. Siku moja, tukiwa wawili tu, nikamuuliza ni kitu gani kilimuuma huko alikotoka. Akanieleza kwamba waliwasha mfumo Ijumaa jioni, majina marefu yakakatwa herufi za mwisho, na yeye ndiye aliyekaa wiki mbili akiyarekebisha moja moja kwa mkono wakati aliyepanga tarehe ameshapandishwa cheo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tukaenda kukagua nafasi ya jina kwenye mfumo wetu mpya. Ilikuwa fupi kwa herufi kumi kuliko ya mfumo wa zamani. Tangu siku hiyo, mtu akiniletea orodha ndefu ya wasiwasi, humuuliza kwanza ni upi kati ya hiyo ameshauona kwa macho yake.

Kuna tatizo jingine dogo kwa sura lakini huzaa nusu ya ugomvi wa namna hii, nalo ni maneno tunayotumia: "huenda," "kuna uwezekano," "hatari ni kubwa," "si rahisi itokee." Kila mtu anayajaza kwa kipimo chake. Sherman Kent, aliyekuwa akiongoza uandishi wa makadirio ya kijasusi ya Marekani, alisimulia mwaka 1964 jinsi ripoti ya mwaka 1951 ilivyosema kwamba shambulio dhidi ya Yugoslavia lichukuliwe kuwa ni uwezekano wa kutiliwa maanani. Yeye mwenyewe alimaanisha 65 kwa 35 kwamba litatokea. Alipowauliza wenzake walioikubali sentensi hiyo pamoja naye, majibu yao yalianzia 20 kwa 80 hadi 80 kwa 20. Walikuwa wamekubaliana juu ya neno tu.

Kwa hiyo kikao chako kijacho kifanye hivi. Kata karatasi ndogo saba. Andika ubaoni sentensi moja isiyo na mwanya, kwa mfano: "Tukiwasha tarehe tuliyopanga, zaidi ya kumbukumbu 1 katika kila 1,000 zitakuwa na kosa ambalo mteja ataliona ndani ya siku 30." Kila mtu, kwa kalamu na bila kusema neno, aandike anadhani uwezekano wa sentensi hiyo kuwa kweli ni asilimia ngapi, na mstari mmoja wa sababu. Kusanya, changanya, kisha ziandike namba ubaoni bila majina. Tuseme zimetoka 5, 10, 10, 15, 20, 60 na 70. Usikimbilie wastani. Kaa hapo. Soma kwa sauti sababu ya aliyeandika 70 na ya aliyeandika 5, maana mmoja wao anajua kitu ambacho wengine hawakijui, au anaogopa kitu ambacho wengine hawajakiona. Halafu rudia zoezi na sentensi ya upande wa pili: "Tukiongeza wiki nne, tutapoteza zaidi ya kiasi fulani cha wateja." Upande huu husahaulika, kana kwamba kusubiri ni bure.

Zoezi hili litakutengea mafungu mawili ya ugomvi ambayo sasa hivi yamechanganyika. Ikiwa namba zimeachana mbali, ugomvi ni juu ya ukweli, na ukweli hupimwa: chukua kumbukumbu 2,000 kwa kubahatisha, zihamishe kwenye mazingira ya majaribio, hesabu makosa. Hiyo ni kazi ya siku chache. Lakini ukikuta mtu wa data na mtu wa wateja wameandika namba zinazokaribiana, na hilo hutokea mara nyingi kuliko unavyodhani, basi hawabishani juu ya litakalotokea. Wanabishana ni hasara ipi inavumilika. Hapo majaribio ya wiki nne, au hata ya mwaka mzima, hayataamua kitu, na wala si kazi yao kuamua. Nitarudi hapo.

Angalia pia namba hizo zinatoka ngazi gani. Baada ya chombo cha anga cha Challenger kulipuka tarehe 28 Januari 1986 na kuua watu saba waliokuwemo, mwanafizikia Richard Feynman, mmoja wa wajumbe wa tume ya uchunguzi, alikuta makadirio ya kupoteza chombo yakianzia takriban 1 kwa 100 hadi 1 kwa 100,000. Namba za kutisha zilitoka kwa wahandisi wa kazi, namba za kutuliza zilitoka kwa uongozi. Usiku wa kuamkia safari, wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi za pembeni walitaka iahirishwe kwa sababu ya baridi, wakajikuta wanatakiwa kuthibitisha kwamba ni hatari, badala ya mtu mwingine kuthibitisha kwamba ni salama. Mradi wako si chombo cha anga, najua. Ila jiulize: katika vikao vyenu, mzigo wa kuthibitisha huwa unabebeshwa nani? Kama siku zote anabeba yule mwenye wasiwasi, ataacha kuleta wasiwasi, nawe utadhani ametulia.

Sasa wale watano walioinamia simu. Kimya chao usikihesabu kama kura. Mwaka 1961 mtafiti James Stoner aligundua kwamba vikundi vilivyojadiliana viliishia kwenye maamuzi ya kuthubutu zaidi kuliko wastani wa wanachama wake kabla ya kujadiliana. Watafiti waliomfuata, wakiwemo Serge Moscovici na Marisa Zavalloni mwaka 1969, walionyesha kwamba mjadala huisukuma timu mbele zaidi kuelekea kule ilikokuwa imeegemea tayari. Kwa hiyo kuongea peke yake hakuwaleti watu katikati. Kunaweza kuwapeleka ukingoni wakiwa wameshikana mikono. Dawa yake ni rahisi kiasi cha kuchosha. Watu waandike kabla ya kusema, mgeni zaidi kazini aanze kuzungumza, na wewe mwenye kikao uwe wa mwisho. Ukitoa maoni yako kwanza umeshafunga mlango.

Mwanasaikolojia Gary Klein alieleza mwaka 2007 mbinu ambayo naipenda: kabla ya kuanza, timu inajifanya kwamba mradi umeshakufa, na kila mtu anaandika umekufa kwa nini. Mimi huifanya mara mbili. Mara ya kwanza, mradi umekufa kwa sababu tuliwahi mno. Mara ya pili, umekufa kwa sababu tulichelewa mno. Nimewahi kuona mtu ambaye kwa wiki nzima alipinga kuahirisha akiandika sababu nzuri kuliko wote za kwa nini kuwahi kungetuua. Alizijua siku zote, ila nafasi yake kikaoni ilikuwa haimruhusu kuzisema.

Kuhusu kumwondoa mtu wa data, sitasema usifanye kamwe. Kabla hujafika huko, kaa naye umuulize: "Ukiona nini, utasema twende?" Akijibu "nikiona kumbukumbu 2,000 zimepita na makosa yasiyozidi mawili," una mtu makini na una kipimo, kiandike. Akijibu kwamba hakuna kitakachomridhisha, au kila akipata alichokitaka anahamisha goli, hapo tatizo lako si mtazamo wa hatari tena. Na kwa haki, mwite yule wa wateja umuulize upande wake: "Ukiona nini, utasema tusimame?" Asiyekuwa na jibu hapa ni mzigo sawa na yule wa kwanza, sema tu huyu huonekana mchapakazi.

Njia yako ya kukata katikati naielewa, ni ya mtu anayetaka amani. Kasoro yake ni kwamba tarehe ya katikati haitokani na kazi yoyote. Kama kipimo alichokitaka mtu wa data kinahitaji wiki tatu, wiki mbili zimelipia ucheleweshaji bila kununua uhakika. Unachoweza kukikata katikati ni uhamishaji wenyewe. Hamisha sehemu ndogo ya wateja kwanza, tuseme asilimia 5, mfumo wa zamani ukiendelea kufanya kazi, mkiwa mmeandika mapema ni dalili gani zikionekana mtarudi nyuma, na nani mwenye mamlaka ya kutamka "rudini" bila kuitisha kikao. Mtu wa wateja anapata kitu cha kuwaonyesha wateja, mtu wa data anapata mlango wa nyuma. Nisikufiche gharama yake: mifumo miwili ikiwa hai kwa pamoja, kumbukumbu moja inaweza kubadilishwa sehemu mbili, na lazima mtu akae azilinganishe kila siku. Kazi hiyo inachosha na huwa inasahaulika kwenye bajeti. Na kama kuhama kwenu kwa asili yake hakuna kurudi, njia hii haiwafai. Basi wiki za ziada zina thamani kubwa zaidi, nami ningeegemea kwa mtu wa data.

Nilisema nitarudi kwenye swali la hasara ipi inavumilika. Anayepaswa kulijibu ni mwenye mradi, yule ambaye fedha na jina lake ndivyo vitakavyoumia. Mwongozo wa kimataifa wa usimamizi wa hatari, ISO 31000, uliotoka mwaka 2009 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2018, unaieleza hatari kuwa ni athari ya kutokuwa na uhakika kwenye malengo. Bila kutamka lengo lipi ni zito kuliko jingine, huwezi hata kusema hatari ni kubwa au ndogo. Nenda kwake na ukurasa mmoja: makosa mangapi katika kumbukumbu 1,000 anayavumilia, siku ngapi za kuchelewa anazivumilia, na kipi hakijadiliwi kabisa, kwa mfano siri za wateja kuvuja. Asikuambie "vyote ni muhimu." Mkalie hapo hapo mpaka achague, akiandike, kisha ukurasa huo uubandike mbele ya rejista ya vihatarishi, yaani orodha ya hatari za mradi. Watu wako wawili wataacha kupigana wao kwa wao pale watakapojua kwamba uamuzi ule una mwenyewe.

Kuna mambo ambayo ushauri wa maandishi hauyafikii. Kama wale wawili hawasalimiani tena, au kuna matusi na vitisho, usiwapatanishe peke yako; omba mtu wa rasilimali watu au msuluhishi mnayemwamini wote akae nanyi uso kwa uso. Kama kumbukumbu hizo zinagusa tiba za watu, mishahara yao au jambo ambalo sheria inalisimamia, tafuta mkaguzi wa nje ya timu azipitie kabla ya kuwasha, na umsikilize mwanasheria wenu. Na kama ni wewe unayeambiwa kutoka juu kwamba wasiwasi wa mtu wa data usiandikwe popote, uandike, uupeleke kwa maandishi kwa mwenye mradi, ubaki na nakala.

Zile wiki mbili umeshazitoa na huwezi kuzirudisha, basi zitumie. Wiki ya kwanza mpime kumbukumbu zile 2,000. Wiki ya pili fanyeni zoezi la kurudi nyuma kwa nakala rudufu, tangu mwanzo hadi mwisho, saa mkononi, na anayebonyeza awe mtu wa wateja huku mtu wa data akimsomea hatua. Siku inayofuata ligawe tena lile swali la karatasi, uone namba zipi zimehama.